Tupa ya Jino Lililolika

Shuleni, Sumbawanga
27 Julai 2025

Babu yangu Adriano,

Shikamoo. Baridi ya huku bado haijaisha. Asubuhi tunakwenda mstarini tumejifunga kanga ndani ya sweta, na Matroni anajifanya haoni. Mimi ni mzima, kile kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kimepona. Mama ametuma salamu kutoka Mtowisa kwa mtu aliyeleta mchele. Wadogo zangu wazima, joto la huko bondeni ni lile lile, na anasema hajui sisi watu wa juu tunaishije. Msalimie mjomba Raymond, na umwambie kitabu changu cha hadithi si kifuniko cha ndoo.

Sasa kazi uliyonituma. Jumamosi ya wiki iliyopita tulipewa ruhusa ya kwenda mjini, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Nilisimama pembeni nikingoja wateja wote waishe. Unanijua. Mwishowe muuzaji akasema, "Wewe dada, unanunua au unahesabu misumari?" Nikamwambia nataka tupa ya duara, ya kunolea cheni ya chenso, msumeno wa petroli. Akamwaga mezani tupa za unene mbalimbali. "Chagua yoyote. Tupa ni tupa."

Babu, nusura nimwambie. Nilifumba macho nikazishika moja moja kwa mkono wa kushoto, kama tulivyokuwa tukifanya. Akacheka sana: "Unachagua tupa au mchumba?" Nikachukua mbili zilizokaa mkononi kama ile ya zamani. Jumatatu nilizipima kwa kifaa cha maabara ya fizikia, na unene ni milimita tano na pointi mbili, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye pakiti ambayo bibi alikuwa akiwekea sindano zake.

Tupa hizi namkabidhi konda wa gari la Matai. Najua mnaanza kuangusha mipaini ya bibi. Kila nikikumbuka kwamba aliipanda mwaka aliozaliwa mama, na kwamba akiwa kitandani siku zake za mwisho aliitoa kwa kigango iwe kenchi za paa jipya la kanisa, naona ni kama anapaswa kuulizwa kwanza. Ulimwahidi kwamba hakuna ubao wake utakaokwenda jikoni kuwa kuni. Natamani ningekuwepo kunoa upande wangu.

Mjukuu wako,
Edith

*

Nyumbani
10 Agosti 2025

Mke wangu mdogo Edith,

Marahaba. Barua hii naisema mimi na anaiandika Katekista Christopha kama siku zote, maana kalamu na mimi hatujawahi kupatana. Anaandika polepole utadhani anachonga sanamu. (Mzee anasema haraka mno. – C.)

Tupa zimefika. Konda alizifunga kwenye gazeti akanipa kwa heshima kama ananipa mtoto mchanga. Umechagua vizuri. Mwambie huyo muuzaji kwamba mchumba unaye tayari, ana meno machache lakini ana chenso.

Ulezi tumeshapura, umejaa kihenge. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Raymond ananenepa bila sababu. Wewe je, umepata rafiki huko, au bado unakula peke yako na kitabu?

Miti miwili tumeiangusha na kuanza kupasua. Harufu ya utomvu wake imejaa hadi ndani ya nyumba, nikaamka nikadhani bibi yako anapiga deki. Lakini mbao hazinifurahishi. Chenso inakula ubao vizuri mwanzoni, halafu inaanza kupinda, na mwisho wa gogo ubao ni mnene huku na mwembamba kule. Kenchi haiwezi kukaa juu ya kitu kama hicho. Kamati ya ujenzi ilikuja kutazama. Walikunywa togwa wakaondoka. Baadaye nikasikia wanasema kwamba mbao zikiendelea hivi watawaita watu wa mashine kutoka mjini waje wabebe miti iliyobaki kwa lori. Hao watu huchanganya magogo ya kila mtu. Nitajuaje lipi la bibi yako Cornelia?

Nadhani tatizo ni tupa. Si kosa lako, ni cheni imezeeka. Fikiria unene mwingine, wewe ndiye msomi.

Na likizo fupi hii usije. Baki kwa mama yako mkubwa Rhoda hapo mjini, usome. Nauli imepanda na barabara ina vumbi.

Babu yako,
Adriano

*

Shuleni, Sumbawanga
24 Agosti 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mapacha wa mbuzi. Huku maji yamekatika siku kadhaa na tunateka kisimani, lakini tunasoma. Nimepata alama nzuri za Kiswahili na Historia. Fizikia nimepata ya wastani, ila mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa kupima tupa, nikatamani kujificha chini ya meza.

Kuhusu unene, nimefikiri sana. Ulinifundisha kwamba tupa ikilala ndani ya jino, sehemu ndogo yake, kama moja ya tano, ichungulie juu ya jino. Ikizama yote inachimba chini na jino linakuwa na ndoana. Ikichungulia sana inaparaza juu na jino linabaki butu. Lakini hiyo ni kwa jino jipya. Meno ya cheni yetu yamelika kupita nusu, yamekuwa mafupi, kwa hiyo tupa ile ile sasa inachungulia kuliko inavyotakiwa. Nadhani jino lililolika linataka tupa nyembamba zaidi. Nimerudi dukani. Muuzaji aliponiona akasema, "Mchumba wa kwanza amekushinda?" Nimechukua ya milimita nne na pointi nane. Jaribu hiyo. Na pia kipitishie tupa bapa kile kidole kinachotangulia jino, ukipunguze kidogo tu, maana jino likiwa fupi na kidole kikabaki kirefu, jino haliugusi mti.

Leo baada ya misa nilikaa nyuma ya bweni nikakumbuka Jumamosi zetu. Gogo lenye mfereji tulilobania chenso, wewe upande mmoja na mimi upande mwingine. Wewe na mkono wako wa kulia ukinoa meno yanayotazama kulia, mimi na wa kushoto nikinoa yanayotazama kushoto. Bibi alikuwa akianika ulezi na kutupigia kelele: "Mke mwenzangu, usimwache mzee akuzidi!" Ulikuwa umewaambia walimu wa shule ya msingi wasinibadilishe mkono, "Mwacheni, nina kazi nao." Mpaka leo nikishika kalamu kwa mkono huo, na wenzangu wakitazama, najiambia maneno hayo.

Nina swali moja, Babu. Chenso inapopinda, inapinda kwenda wapi, kulia au kushoto?

Ni mimi,
Edith

*

Nyumbani
7 Septemba 2025

Mke wangu mdogo,

Marahaba sana. Tupa nyembamba ilifika. Jino limekuwa kali kweli. Sasa chenso inatoa maranda, haitoi tena lile vumbi la kuingia puani. Raymond alishtuka, karibu ashike mti mwingine kwa furaha. Hapo ulisema kweli na nilimwambia kila aliyepita njiani kwamba jibu limetoka maabara.

Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha ameanza kumpiga Raymond kwa kichwa. Tunamwombea mbuzi. Mvua ya mwaka huu wazee wanasema itawahi. Padri amesema angependa kubariki paa kabla mwezi wa kumi na moja haujachanganya. Umepata rafiki? Hukunijibu.

Mbao bado zinapinda. Nne zimeshaharibika. Nilizipanga nyuma ya jiko nikazifunika na turubai, sijaruhusu mtu aziguse, lakini turubai halimdanganyi mtu. Tumesimama kwanza. Miti mitano bado imesimama na sitaki kuigusa mpaka nijue. Kamati imenipa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Labda ni tupa bado. Tafuta ya katikati.

Soma. Usifikirie huku.

Babu yako,
Adriano

Nyongeza ya mwandishi: Binti Edith, Mzee amekwenda kufunga mbuzi. Uliuliza jambo barua iliyopita nikamsomea mara mbili, akasema niendelee mbele. Mimi si fundi na sijui kwa nini hataki kujibu, lakini swali la mtoto linastahili jibu. Nilisimama nyuma ya Raymond akipasua. Chenso ilikuwa inakimbilia mkono wake wa kushoto. Nakutakia masomo mema. – Christopha

*

Kwa mama mkubwa Rhoda, Sumbawanga
10 Septemba 2025

Babu,

Shikamoo. Mama mkubwa mzima, anakusalimia. Nimekuja hapa kwa likizo fupi kama ulivyoagiza. Usiku na mchana nafikiria mbao, basi nisamehe leo nikiingia moja kwa moja.

Hakuna tupa ya katikati. Tupa uliyo nayo ndiyo yenyewe.

Ulinifundisha kwamba chenso hukimbilia upande wenye meno makali. Tangu niondoke, upande usio na mtu ni wa kwangu, wa kushoto. Kwa hiyo meno ya kushoto yangekuwa butu, na chenso ingekimbilia kulia. Hilo ndilo nililokuwa nikilitegemea, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukutania kwamba umeona sasa faida yangu. Lakini inakimbilia kushoto. Meno ya kushoto ni makali na ya kulia ndiyo mabovu. Hayo ya kulia ni yako. Hukuwahi kuyaharibu hata siku ile una homa.

Babu, mkono wako wa kulia una nini?

Umenikataza kuja nyumbani. Hukunijibu swali langu. Unasema umepanga mbao nyuma ya jiko lakini hukusema nani alizibeba. Mwaka juzi, bibi alipougua, mliniandikia kwamba ana mafua. Nilipofika hakunijua. Sitaki mafua mengine.

Begi langu nimelifunga. Mama mkubwa anadhani napanga nguo za kurudi shuleni. Gari la Matai linaondoka alfajiri. Barua hii nampa Katekista mwenyewe, nimemkuta parokiani kwenye mkutano wao, na ameahidi kukufikishia leo hii. Nikipata jibu la kweli kabla ya Jumamosi nitafikiri. Nisipopata, nakuja, na mtihani waufanye bila mimi.

Edith

*

Nyumbani
12 Septemba 2025

Edith, mama yangu,

Katekista amesoma barua yako, halafu akasema, "Mzee, huyu mtoto anakuona kutoka Sumbawanga." Nikamwambia anyamaze aandike.

Nitasema yote, na wewe utafungua begi hilo.

Mwezi wa saba, wiki uliyoondoka, nilipanda pikipiki ya Raymond kwenda kuchukua petroli. Kwenye mteremko wa changarawe tukaanguka. Yeye alichubuka sikio. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mzee mmoja wa jirani alinifunga kwa vijiti. Umeunga, lakini umeunga vibaya. Vidole vinashika kijiko. Tupa havishiki. Nikiisukuma inaruka. Hospitali ya wilaya wameniona, wamesema ni hivyo, nifanye mazoezi. Sifi. Haya si mafua. Katekista anaweka sahihi yake hapa chini kama shahidi. (Ni kweli, sifichi kitu. – C.)

Sikukuambia kwa sababu mwaka juzi ulitoka shuleni usiku wa kuamkia mtihani, ukapanda lori la mahindi, ukarudia kidato cha pili kizima. Bibi yako hakukujua ulipofika, lakini mimi nilikuwepo, na nilimwahidi Mkuu wa shule, nimesimama pale ofisini kofia mkononi, kwamba nyumba yangu haitakutoa darasani tena. Kwa hiyo niliufundisha mkono wangu wa kushoto. Nikawa nanoa upande wako, naona unakwenda vizuri, nikafurahi kama mtoto. Upande wangu nikampa Raymond. Raymond ananoa cheni kama ananoa jembe. Nilijua ni nini kinachopinda mbao kabla hujaniuliza. Nikasema tupa, maana tupa inaweza kununuliwa.

Ukija hutanisaidia. Wewe na mimi sasa sote ni wa kushoto. Tutakaa upande mmoja wa gogo tukigombania meno yale yale.

Hizo mbao nne nimezitoa turubai. Miti mitano naiachia kamati. Nimeshamwambia mwenyekiti waite lori. Cornelia atanisamehe ubao kuliko atakavyonisamehe wewe.

Baki. Naomba, si kwamba naamuru.

Adriano

*

Shuleni, Sumbawanga
5 Oktoba 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Nilipata barua yako Ijumaa jioni. Niliisoma nimekaa juu ya begi. Asubuhi gari lilipiga honi mara mbili, na mama mkubwa akauliza mbona nimeamka mapema hivyo. Nikamsaidia kuchota maji. Nimerudi shuleni na wenzangu wote, kama mtu wa kawaida.

Siku ile ile nilimwandikia Katekista Christopha karatasi peke yake, na nadhani hadi sasa amekuonyesha. Samahani kwa kukupita. Ni kwamba nimezisoma herufi zake miaka yote hii, tangu barua zako za kwanza nikiwa kidato cha kwanza. Kila herufi inaegemea kipimo kile kile, kila mstari unakwenda sawa bila karatasi kuwa na mistari. Mtu wa mkono kama huo, wa kulia, nilidhani asiposukuma tupa nani mwingine atasukuma? Nilimchorea jino, pembe ya kushikia tupa, na kumwandikia kwamba asukume mbele tu, asirudi nyuma akiwa amekandamiza, na kila jino lipate misukumo ile ile sawasawa, hata likionekana limeshakuwa kali. Kwamba atumie ile nyembamba. Nikamwomba aiambie kamati isubiri lori kidogo.

Leo nimepata ujumbe wake kupitia mapadri, mistari mitatu: kwamba ubao wa kwanza ulitoka mnyoofu, Raymond akaulaza chini akatazama kwa jicho moja na kusema, "Katekista, ulikuwa wapi siku zote?" na kwamba wewe ulikwenda nyuma ya nyumba ukakaa huko muda mrefu.

Babu, nilifurahi, nikaruka. Halafu nikaingia bwenini nikalia kidogo, na sijui kukueleza vizuri kwa nini. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba ile nafasi upande wa pili wa gogo iko wazi, inaningoja. Sasa mkono wako uko kwenye meno yangu na wa Katekista uko kwenye yako, na chenso inakwenda sawa bila mimi. Ndicho nilichokitaka. Nashangaa kwamba kinauma.

Umeniuliza mara mbili kama nina rafiki. Sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Sasa nadhani ni ndiyo. Anaitwa Getruda, wa Muze. Aliniuliza kwa nini nilikuwa napima tupa, nikamweleza, na hakucheka mpaka nilipofika kwenye mchumba.

Mjukuu wako,
Edith

*

Nyumbani
9 Novemba 2025

Mke wangu mdogo Edith,

Marahaba. Mwandishi wetu leo ana malengelenge mawili kwenye kiganja na anaandika akilalamika. (Silalamiki. Ninaonyesha. – C.)

Miti yote mitano imepasuliwa. Hakuna kilichokwenda kwenye lori. Zile mbao nne mbovu fundi alizikatakata zikawa vipande vya kuunganishia kenchi, vifupi, vilivyonyooka vya kutosha kwa kazi ndogo, kwa hiyo hata hizo jikoni hazikuingia. Bati zimepigwa. Padri alibariki Jumapili iliyopita, na wanakwaya waliimba mpaka mbuzi wakajibu.

Leo asubuhi mvua ya kwanza ikanyesha wakati wa ibada. Kubwa, ya mawe. Kelele kwenye bati ilikuwa nyingi hata Katekista akaacha kusoma, tukakaa tu. Mimi nilitazama juu. Mbao bado ni nyeupe, na kwa unyevu ule zikaanza kutoa harufu. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Inanuka kama kwa Mama Cornelia." Watu wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyelowa.

Sasa sikia. Nimesikia mahali ulipoandika kwamba kinauma. Nilimwambia Katekista asome tena, akasoma tena. Sina maneno ya kitabu. Nakueleza hali ya cheni tu. Ya kulia inakwenda vizuri, huyu bwana ni hatari, ananoa kama anakopi Injili. Ya kushoto ni aibu. Mkono huu haukuzaliwa kwa kazi hiyo, nilikuwa najidanganya. Nimesukuma mno meno ya mwanzo na kidogo mno ya mwisho, baadhi nimeyapunguza kupita haki, mengine yamebaki na ndoana. Yalivyobaki kuwa makali kuliko ya Raymond haikuwa ufundi, ilikuwa ni Raymond. Utayakuta hivyo Desemba, yamekaa kama meno yangu mwenyewe, na itakubidi uyarudishe moja moja, na itakuchukua likizo nzima.

Kasirika ukifika. Sasa soma.

Babu yako,
Adriano